Nilikuwa Nawamiminia Juisi Kila Jumanne

Swali lenu la wiki hii mmeuliza hivi: klabu za huduma kama Rotary, Lions na nyingine za aina hiyo, zinazokutana kila wiki hotelini, zinaisaidia jamii kweli au ni watu wenye hela wanakula pamoja tu? Nimelisoma asubuhi nikiwa nachambua mchele, nikaliacha, nikalirudia, mwisho nimeona bora niandike maana vikao vyenyewe nimevisimamia kwa miguu yangu hii miaka sita. Sikuwa mwanachama. Nilikuwa mhudumu kwenye hoteli moja hapa Mwanza mjini kuanzia 2013 hadi 2019, na kuna klabu, jina naliacha, ilikuwa inakutana kwetu kila Jumanne saa saba mchana.

Niseme mapema kwamba nilianza kuandika nikiwa upande wa wanaosema ni kula tu. Yaani kichwani nilikuwa na sentensi yangu tayari: hela ya chakula cha mwaka mzima pale juu ingechimba visima. Na hesabu hiyo nimeipiga mara nyingi nikiwa nimeshika jagi la juisi ya ukwaju.

Kwa wasiojua Jumanne inavyokwenda. Ukumbi mdogo wa ghorofani, meza tatu, bendera, beji, na kengele ya shaba ambayo rais wao (wanamwita rais, sio mwenyekiti) anaigonga wakianza. Wimbo wa taifa, sala fupi, wageni wanatambulishwa, chakula, sato wa kukaanga na wali na mchicha, halafu mgeni wa siku anapewa dakika ishirini, wiki hii daktari anaongelea sukari, wiki ijayo mtu wa benki, nyingine mtu wa uvuvi anaeleza kwa nini sangara wakubwa hawaonekani tena ziwani. Kisha anapita mtu wa faini na kikapu. Umechelewa, faini. Simu imeita, faini. Mtoto wako kafaulu form four, unatoa kwa furaha. Zinasomwa taarifa za miradi, saa nane na nusu kengele inagongwa, ukumbi mweupe, sisi tunaanza kukusanya sahani. Kila wiki hivyo hivyo, miaka sita, sikukuu tu ndo ilikuwa inawazuia.

Sasa kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui na ndo linanifanya nijibu swali tofauti kidogo na mlilouliza. Hizi klabu zinabadilisha uongozi kila mwaka, tarehe 1 Julai, Rotary hivyo, Lions hivyo. Rais wa mwaka huu anakuja na mradi wake, anaumaliza anapiga picha, 30 Juni anakabidhi, anakuja mwingine na wake. Kwa hiyo kwangu swali la kama wanasaidia ni dogo. Swali ni mwezi wa nane nani anakumbuka kilichofanyika mwezi wa tano.

Mwezi wa tano 2016 klabu ile iliweka pampu ya mkono kijijini kwetu, Misungwi. Sikuhusika kwa lolote, ilitokea tu kijiji kilichochaguliwa ni cha kwetu, na sikumwambia mtu pale kazini maana ungeonekana unajipendekeza. Kabla ya hapo watu walikuwa wanateka lambo, lambo hilo hilo ng'ombe wanakunywa, na watoto wanaoga humo, kichocho kwetu sio ugonjwa wa kusoma shuleni. Zamani kulikuwa na visima vya HESAWA, ule mradi wa Waswidi uliopita huku kanda ya ziwa kuanzia 1985, vilisaidia sana miaka ile, lakini cha kwetu kilikufa nikiwa mdogo na mfuniko wake wa zege bado upo mpaka leo, tunaanikia mihogo. Kwa hiyo pampu ilipokuja bibi yangu alisema hii nayo tutaanikia mihogo lini? Alikuwa anauliza kweli, hakuwa anatania.

Mwezi wa nane Jumanne moja klabu ikapata ugeni mzito kutoka nje ya mkoa, wakafunga projekta, wakaonyesha miradi ya mwaka uliopita. Picha ya tatu pampu yetu. Nikaitambua kwa mti wa mkwaju nyuma yake na nikamtambua na mama mdogo wangu pembeni kashika ndoo, anacheka, maji yanamwagika. Makofi. Na mimi Jumapili ya juzi yake mama alikuwa amenipigia akaniambia pampu wiki ya tatu sasa haitoi kitu, wamerudi lamboni. Nimesimama ukutani na jagi mkononi, watu wanapiga makofi, sina pa kuanzia, mhudumu haongei kwenye kikao cha wateja, hilo unafundishwa siku ya kwanza.

Kulikuwa na mzee mmoja, mstaafu wa reli, alikuwa fundi huko. Huyu alikuwa wa mwisho kuondoka kila wiki kwa sababu alikuwa anasubiri chai ya tangawizi isiyo na sukari. Nikampelekea chai yake nikamwambia, shikamoo mzee, samahani, ile pampu ya kwenye picha haitoi maji. Nilitegemea ataniuliza wewe umejuaje. Akauliza, "Tangu lini?" Nikamwambia wiki ya tatu. Akaweka kikombe chini akauliza, "Mpini ukiusukuma mzito au mwepesi?" Sikujua. Akasema mpigie aliyekuambia. Nikampigia mama pale pale, mezani kwa mteja, kitu ambacho meneja angekiona ningekuwa na kesi, mama akasema mwepesi mwanangu, mwepesi kama unapiga hewa. Mzee akatikisa kichwa akasema basi ni raba ya ndani imekwisha, au fito zimeachana, ila mimi naona ni raba.

Jumanne iliyofuata akasimama kwenye taarifa za miradi akaeleza. Rais mpya akamjibu kwa heshima kabisa kwamba ule mradi ni wa mwaka jana, umekabidhiwa kijijini, karatasi zimesainiwa, kamati ya maji ipo, na mwaka huu klabu ina madawati (mnaukumbuka 2016, nchi nzima ilikuwa madawati). Mzee akakaa. Jumanne iliyofuata akasimama tena, "Mheshimiwa rais, pampu ya Misungwi imefikia wapi?" Haijafikia popote. Ya tatu, hivyo hivyo. Ya nne mtu wa faini akamtoza elfu mbili kwa kurudia jambo, watu wakacheka, akalipa. Kuanzia hapo akawa anatoa elfu mbili anaiweka mezani karibu na sahani kabla hajasimama, halafu anauliza. Nilikuwa nikiiona ile noti nakaa karibu na mlango nisikilize. Jumanne tisa. Nilizihesabu kwa sababu kila Jumanne jioni mama alikuwa anasubiri simu yangu.

Katikati ya hizo Jumanne kukatokea mjadala mwingine na ndo naomba mniwie radhi nimekaa sana kwenye kisa hiki ila kinakuja kwenye swali. Mwanachama mmoja, mtu wa biashara, akasema kukutana kila wiki ni mzigo, chakula ghali, foleni, watu wana kazi zao, mbona hata Rotary duniani mwaka huu wameruhusu klabu zikutane mara mbili tu kwa mwezi. Na ilikuwa kweli, Rotary walilegeza sharti hilo mwaka huo wa 2016. Wengi wakaafiki kwa vichwa. Mimi nikiwa nakusanya sahani nafsi yangu nayo ikaafiki, nikasema afadhali, hizo hela zikafanye kazi. Hawakuamua siku ile, wakaahirisha, na mpaka naondoka walikuwa bado wanakutana kila wiki.

Jumanne ya kumi hakuuliza. Rais mwenyewe kabla ya taarifa akasema Jumamosi tunakwenda Misungwi, nani ana gari. Wakaenda watu watatu na mzee, na mimi nikaomba ruhusa nikapanda nyuma.

Tulichokuta ndo hiki. Kamati ya maji ipo lakini aliyefundishwa kufungua pampu ni kijana mmoja tu, naye alishaenda Geita machimboni tangu mwezi wa saba. Sanduku la spana lipo kwa mwenyekiti, limefungwa kufuli, ufunguo kaondoka nao kijana. Likavunjwa kufuli. Ndani kuna spana mbili, na kwenye karatasi ya nailoni kuna raba mpya mbili ambazo hazijaguswa, zilikuja na pampu siku ya kukabidhiwa. Wiki zote hizo watu wanateka lambo na raba ziko mita mia kutoka kisimani.

Mzee akakataa kufungua yeye. Akauliza nani anateka maji hapa kila siku, wanaume wakaangaliana, mama mdogo akasogea. Akamwelekeza, akafungua kichwa cha pampu, wakavuta zile fito moja baada ya nyingine wakizitenganisha na kuzilaza kwenye turubai zisiingie mchanga, ikatoka pistoni, ile raba ya zamani imelika upande mmoja nyembamba kama ganda la kitunguu. Wakaweka mpya, wakarudisha, maji yakatoka. Watu wakashangilia, ngoja, mzee akasema fungua tena. Mama mdogo akafungua yote upya, mara hii mzee kakaa kwenye kigoda kageuka pembeni hasemi neno, mpaka akamaliza mwenyewe. Jua la saa nane. Alipomaliza mzee akampa spana akamwambia hizi zilale kwako.

Sasa nilipofika kuandika hapa ile sentensi yangu ya hela ya chakula naona haisimami vizuri. Hela haikuwa shida, raba zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kila wiki, na mahali pa kuulizia ambapo watu wale wale watakuwepo tena baada ya siku saba na hawawezi kumkwepa. Zile Jumanne tisa zingekuwa mara mbili kwa mwezi ni miezi minne na zaidi, vuli ingeshaanza, watu wangekinga mvua na kuchota madimbwini, na pampu ingekuwa ya kuanikia mihogo kama bibi alivyosema.

Sisemi hawa watu wanafanya visima tu. Rotary wamechangia matone ya polio tangu 1985 na Agosti 2020 Afrika ikatangazwa haina tena kirusi cha polio cha asili, Lions kwenye macho wamewasaidia wazee wengi wenye mtoto wa jicho. Hayo makubwa yana ofisi zake na wataalamu wake. Mimi naongelea haya madogo ya klabu ya mjini na kijiji.

Kwa hiyo mkinilazimisha nijibu swali lenu kama lilivyo: wakutane, na wakutane kila wiki, hata kama ni hotelini. Ila, na hizi ila zangu ni nzito. Moja, mzee yule 2018 alihamia Tabora kwa mwanae, na kuanzia hapo sikusikia tena mtu akitaja Misungwi pale juu, kwa hiyo huenda ninachokisifia ni mtu mmoja na sio klabu, hilo sijalimaliza kichwani. Halafu wale wanaoteka maji hawakuwahi kuwemo ukumbini hata Jumanne moja, taarifa ilitoka kwao ikapitia kwa mhudumu aliyekiuka utaratibu, na nisingekuwa natoka kijiji hicho hicho ingekuwaje? Rotary walipoanza 1905 kule Chicago walikuwa wanakutana kwa zamu, leo ofisi ya huyu kesho ya yule, jina lenyewe limetokana na huko kuzunguka. Basi wazunguke. Jumanne moja kwa mwezi waende walipoweka mradi, wale walichopika wenyeji, wapige kengele yao chini ya mkwaju.

Kabla ya kutuma hii nimempigia mama mdogo. Pampu inatoa. Raba ya pili aliibadilisha mwenyewe, na ya tatu wamenunua kwa hela ya ndoo walizochangishana, kanunua mjini kwa kumtuma dereva wa basi akiwa na ile kuukuu kwenye mfuko kama mfano, maana jina lake dukani hakulijua.