Muuzaji wa yadi kagoma kushuka bei, nifanyeje?

SWALI: Habari kaka. Mi ni mwalimu hapa Moshi, nakaa Pasua. Nimepata mkopo wa Saccos nikajumlisha na akiba yangu nina milioni 17. Jumamosi nilipanda Arusha kwenye yadi moja ya magari nikaona Toyota IST ya silva, imetoka Japani haijapigwa namba bado, wanataka milioni 18 na nusu. Nimebembeleza mpaka nimechoka, kijana kashusha laki mbili tu anadai faida haipo. Hivi bei za yadi hazishuki au mi ndo sijui kuongea?

JIBU: Salama mwalimu. Nikuulize kwanza, ulimtajia kwamba una 17? Maana naona kama ulimtajia, afu ukamwambia na habari ya mkopo. Wewe ukienda soko la Memorial kuchagua mtumba huanzi kwa kumwonyesha muuzaji noti, gauni ukilipenda unalishika kwa vidole viwili kama lina upupu, sasa kwa nini kwenye gari tunasahau?

Na sikucheki, mi mwenyewe yalinikuta. Nilienda yadi hapahapa Arusha kununua Noah, nimejipanga kabisa njia nzima nafanya mazoezi ya kukunja sura, tumefika tu watoto wameshafungua mlango wanagombania siti ya dirishani na mama yao anauliza nyuma yataingia magunia mangapi ya mahindi. Yule jamaa akatuangalia, akatabasamu, akarudi kukaa kwenye kiti chake. Hakushusha hata elfu hamsini. Kwa hiyo ukirudi nenda na fundi, familia italiona gari likishafika Pasua.

Sasa kuhusu hiyo faida haipo. Kubembeleza peke yake hakusaidii, kinachosaidia ni hesabu, na hesabu ya gari la Japani haina siri, unaipiga hata kwa simu ukiwa kitandani. Ingia mitandao ya wauza magari wa Japani tafuta IST ya mwaka uleule, injini ileile, kilometa zinazokaribiana, uone bei yake mpaka kufika bandari ya Dar. Afu fungua kikokotoo cha magari cha TRA, ujaze aina ya gari, mwaka na ukubwa wa injini, kitakupa kodi yote: mle ndani kuna ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na gari likiwa na umri mkubwa linabandikwa na ushuru wa uchakavu juu yake. TRA wana thamani yao kwenye mfumo, hawaangalii wewe umenunua shilingi ngapi, kwa hiyo usishtuke ukikuta kodi imezidi hata bei ya kununulia. Ongeza gharama za bandari, wakala, namba, na dereva na mafuta ya kulileta kutoka Dar, ni zaidi ya kilometa 600 hizo. Ukijumlisha umeshajua gari limemfikia kwa kiasi gani, kinachobaki hapo juu ndo chake na hicho ndo mnapatana, siyo ile bei aliyoiandika kwenye kioo. Tuseme imekuja 15 na nusu, wewe anza na 16, mwonyeshe hesabu yako, afu nyamaza. Kunyamaza ndo kazi, sisi tukitaja bei tunaanza kujitetea wenyewe. Na kama hesabu yako imegonga 18 basi kijana alikuwa mkweli, tafuta gari lingine.

Akigoma kabisa kushusha hela kuna vitu vingine vya kuomba. Chuchumaa uangalie tairi, ubavuni kuna namba nne za mwisho, ukikuta 2317 ujue imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017, hata kama kashata zake zinang'aa hiyo ni ya kubadilisha, omba tairi nne mpya. Omba na bima, omba kadi itoke kwa jina lako bila kuongeza hela. Hela ya Saccos iingie akaunti ya kampuni siyo simu ya kijana, na risiti ya EFD uidai ikiwa na kiasi chote ulicholipa, akikwambia bila risiti anakupunguzia hiyo punguzo ikatae.

Kingine, kama huna haraka subiri Januari. Desemba huku kwetu kila mtu anataka apande Rombo, Machame au Marangu na gari jipya, hakuna mtu wa yadi atakayekusikiliza. Januari ada za shule zimemkamata kila mtu, yadi imelala, yule aliyekushushia laki mbili atakupigia mwenyewe.

SWALI: Mshauri, mi wa Njiro Arusha, yadi wamenitajia bei ya gari kwa dola na wanasema nilipe kwa bei ya dola ya siku hiyo. Ni sawa?

JIBU: Siyo sawa bro. Tangu Machi 2025 kuna kanuni za kukataza kutaja au kudai bei kwa hela za nje kwa bidhaa na huduma zinazouzwa hapa nchini, na gari lipo Arusha siyo Yokohama. Mwambie akuandikie kwa shilingi kwenye karatasi yenye mhuri wao, afu ndo muanze kupatana.