Maswali na majibu: Madhara ya dawa, yapi ya kuvumilia na yapi ya kuzuia dozi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili wa uuguzi na mtihani wa famakolojia umekaribia. Nimekariri orodha za madhara ya dawa mpaka zimechanganyika kichwani. Kila dawa naona kichefuchefu, kizunguzungu na kuumwa kichwa. Kwenye maswali ya mazoezi nimekutana na hili: mgonjwa ambaye moyo wake hausukumi damu vizuri anatumia digoksini na furosemidi. Asubuhi hana hamu ya kula, anachefukwa, anasema akitazama taa anaona mduara wa njano. Mapigo ya moyo ni 54 kwa dakika na potasiamu ni milimoli 2.9 kwa lita. Muuguzi aanze na nini? Nilijibu ampe dawa ya kichefuchefu, nikakosa. Nitajuaje madhara ya kumwambia mgonjwa avumilie na yale ya kuzuia dozi? Tena, mgonjwa akisema ana aleji ya penisilini, naandika hivyo tu?

JIBU: Marahaba. Orodha zinakuchanganya kwa sababu zimeandikwa na watu wanaotaka kila kitu kiwepo, hata kile ambacho hakitakuhusu zamu nzima. Kichefuchefu na kizunguzungu vimo karibu kila mahali, kwa hiyo kuvikariri hakukusaidii kutofautisha dawa moja na nyingine. Kwa kila dawa jiulize mambo mawili: inafanya nini mwilini, na kazi hiyohiyo inafanyika wapi pengine ambapo hatukuitaka? Ukishapata jibu, madhara mengi utayataja mwenyewe bila daftari. Halafu lipo la tatu, ambalo ndilo la muuguzi hasa: nipime nini kabla sijampa?

Tuanze na mgonjwa wako, maana swali hilo limetungwa na mtu anayejua kazi.

Digoksini hufunga pampu inayobadilishana sodiamu na potasiamu kwenye chembe za misuli ya moyo. Matokeo yake kalsiamu inabaki nyingi ndani ya chembe, moyo unabana kwa nguvu zaidi, na wakati huohuo mapigo yanapungua kasi. Hayo ndiyo tuliyoyataka. Sasa angalia: digoksini na potasiamu hugombea mahali pamoja kwenye pampu hiyo. Potasiamu ikiwa ya kutosha, humzuia mwenzake asishike kupita kiasi. Ikipungua, dozi ileile ya jana, ambayo haikuwa na shida, leo inakuwa sumu. Na nani ameipunguza potasiamu? Furosemidi, kwa sababu inaposukuma maji na chumvi kwenda kwenye mkojo, potasiamu inaondoka nayo. Kiwango cha kawaida ni 3.5 hadi 5.0. Mgonjwa wako ana 2.9.

Kwa hiyo kichefuchefu chake kinakupa taarifa. Kukosa hamu ya kula, kuchefukwa, na kuona njano au kijani kuzunguka taa ni dalili za sumu ya digoksini, na kinachofuata kinaweza kuwa mapigo kwenda mrama hadi moyo kusimama. Ukimpa dawa ya kutuliza kichefuchefu na kumwachia digoksini yake, umezima kengele na kuacha moto. Jibu sahihi: zuia dozi, mjulishe daktari mara moja, mgonjwa apimwe umeme wa moyo, na kiwango cha digoksini na potasiamu kwenye damu viangaliwe. Utendaji wa figo nao uangaliwe, kwani dawa hii hutoka kwa njia ya figo, na hata figo zikiwa nzima inachukua saa 36 hadi 48 kupungua nusu. Mzee mwenye figo zilizochoka anaweza kuikusanya kwa siku kadhaa bila yeyote kugundua.

Kabla ya kila dozi ya digoksini sikiliza mapigo kwa stetoskopu kwenye ncha ya moyo, dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, kwani unachotafuta si idadi pekee. Unataka kusikia kama yana mpangilio. Kwa mtu mzima, yakiwa chini ya 60, unazuia na kuuliza. Kwa watoto kiwango cha kuzuia kiko juu zaidi na hutegemea umri; fuata mwongozo wa wodi yako.

Dawa nyingine za moyo na presha zinajieleza kwa njia hiyohiyo. Enalaprili na ndugu zake huzuia kimeng'enya ambacho, pamoja na kupandisha presha, huvunja dutu iitwayo bradikinini. Bradikinini ikirundikana kwenye njia ya hewa, mgonjwa anapata kikohozi kikavu kisichosikia dawa ya kifua, na kinaweza kuanza wiki au miezi baada ya kuanza dawa. Kikohozi hicho hakiui. Mweleze mgonjwa, mwambie daktari, huenda akabadilishiwa akapewa losatani. Lakini bradikinini hiyohiyo inaweza kuvimbisha midomo, ulimi na koo. Hapo hakuna cha kusubiri: dawa inasimama, unaita msaada, unalinda njia ya hewa, na mtu huyo hatarudishiwa dawa za kundi hilo maisha yake yote. Unaona jinsi chanzo kimoja kinavyoleta jambo la kuvumilika na jambo la kukimbiza? Ndiyo maana nakwambia usiyapange madhara kwa herufi. Kundi hili pia hubakiza potasiamu mwilini, sawa na spironolaktoni. Zikiandikwa zote mbili kwa mtu mmoja, tafuta majibu ya potasiamu kwanza. Na mama mjamzito hapewi, zinaharibu figo za mtoto tumboni.

Amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu kwa sababu inalegeza mishipa. Mara nyingi si moyo uliozidiwa. Propranololi hupunguza mapigo, hubana njia ya hewa ya mwenye pumu, na kwa mwenye kisukari huficha mtetemeko na moyo kwenda mbio vinavyomwonya kwamba sukari imeshuka. Jasho hailifichi. Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari anayetumia propranololi akitokwa jasho jingi ghafla, pima sukari kabla ya kufikiria kitu kingine. Furosemidi mpe asubuhi, asije akalala njiani kati ya kitanda na choo. Na ya mshipani, hasa dozi kubwa, isizidi miligramu 4 kwa dakika, kwa sababu ikiingia haraka huathiri masikio.

Kwenye kisukari swali linalorudi kwenye mitihani ni la muda. Insulini ya kawaida, ile inayong'aa kama maji, huanza kazi baada ya nusu saa hivi na hufikia kilele kati ya saa mbili na nne. Ile ya mawingu, NPH, kilele chake ni kati ya saa 4 na 12. Kilele ndipo sukari inaposhuka, kwa hiyo ukijua saa uliyochoma unajua saa ya kumtazama mgonjwa. Ukiona amechomwa NPH jioni, usiku wa manane ndio wako. Sukari ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita na mgonjwa anaweza kumeza, mpe gramu 15 za sukari, pima tena baada ya dakika 15. Akiwa amepoteza fahamu usimtilie kitu mdomoni. Hapo ni glukosi ya mshipani. Metformini ikiwa peke yake kwa kawaida haishushi sukari kupita kiasi; usumbufu wake ni tumbo kuunguruma na kuharisha siku za mwanzo, jambo linalopungua akiinywa na chakula. Glibenklamidi ndiyo ya kuogopa, hasa kwa mzee asiyekula vizuri, maana inaendelea kuikamua kongosho hata kama hakuna kilichoingia tumboni, na mgonjwa uliyemzindua anaweza kuzama tena baada ya saa chache.

Mofini. Watu wote wanajua kwamba inapunguza pumzi, na wengi wanahesabu pumzi tu. Lakini kinachotangulia ni usingizi. Mgonjwa anayeanza kuongea na kukatisha sentensi kwa kusinzia, anayehitaji kutikiswa ndipo akujibu, huyo tayari anakuambia kwamba dozi ijayo isubiri, hata kama bado anapumua mara 12 kwa dakika. Ukifika pa kutoa naloksoni, dawa inayoipinga mofini, kumbuka kwamba kazi yake hudumu dakika 30 hadi 90, wakati mofini hukaa saa kadhaa. Mgonjwa ataamka, ndugu watafurahi, nawe usiondoke: pumzi inaweza kupungua tena. Kufunga choo ni dhara ambalo mwili hauzoei hata dawa ikitumika miezi, hivyo dawa ya kulainisha choo iandikwe siku ileile mofini inapoanza. Ikiwa haijaandikwa, ulizia. Kwa maoni yangu hilo linapuuzwa sana, na mgonjwa anaishia kukataa dawa ya maumivu kwa sababu ya tumbo.

Mahali pengine ambapo macho ya muuguzi ni kila kitu ni magneziamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Magneziamu hutuliza mishipa ya fahamu na misuli; ikizidi, inatuliza hata misuli ya kupumua. Kizuri ni kwamba mwili unatoa onyo kwa mpangilio. Kwanza goti linaacha kurusha mguu ukiligonga kwa nyundo ndogo. Kiwango kikizidi kupanda, pumzi inapungua hadi kusimama. Mwisho ni moyo. Kwa hiyo kabla ya dozi inayofuata hakikisha mambo matatu: goti linaitika, pumzi si chini ya 16 kwa dakika, na mkojo si chini ya mililita 30 kwa saa katika saa nne zilizopita. Mkojo unahusika kwa sababu figo ndiyo njia pekee ya magneziamu kutoka. Moja likikosekana, dozi inasubiri. Kalsiamu glukonati gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, iwe kando ya kitanda. Pumzi ikisimama, unasaidia kupumua na unaichoma mshipani polepole. Iwe kando ya kitanda, narudia, si kwenye kabati lililofungwa ambalo funguo anayo aliyekwenda kula. Joto mwilini na uso kuwaka wakati wa kuchomwa ni kawaida, mwambie mama mapema asishtuke.

Tukiwa kwenye hatari: kloridi ya potasiamu haichomwi moja kwa moja mshipani, ni mwiko. Inachanganywa kwenye dripu na kwenda taratibu. Ampuli zake zisikae karibu na maji ya kuchanganyia dawa.

Wafarini na heparini, dawa za kuzuia damu kuganda, nitakupitisha haraka: zote zinaleta kutoka damu, tofauti ni kipimo na dawa ya kuzipinga. Wafarini hufuatwa kwa INR, kipimo cha damu inavyoganda, mara nyingi ikilengwa 2 hadi 3, na hupingwa na vitamini K. Heparini ya mshipani hufuatwa kwa aPTT, kipimo kingine cha kuganda, na hupingwa na protamini. Uliza kuhusu fizi, choo cheusi, mkojo wa damu, na uliza kama anameza aspirini kutoka nyumbani.

Jentamisini, dawa ya kuua bakteria, huharibu figo na masikio, na la masikio linaweza lisirudi. Mgonjwa akilalamika kuvuma masikioni au kupepesuka, usimwambie ni uchovu. Kwa dawa za kifua kikuu kila moja ina alama yake. Rifampisini hugeuza mkojo, machozi na jasho kuwa rangi ya chungwa. Haina ubaya wowote, ila asipoambiwa siku ya kwanza ataziacha dawa akidhani anakojoa damu. Isoniazidi huleta ganzi na kuchomachoma miguuni, inayozuiwa kwa vitamini B6. Ethambutoli hugusa macho, hasa kutofautisha nyekundu na kijani, na hapo anasimama kuinywa na kupelekwa kupimwa. Pirazinamidi huumiza viungo. Macho yakiwa ya manjano au akitapika mfululizo, usilaumu dawa moja tu: ini limeguswa, na tatu kati ya hizo nne zinaweza kuwa chanzo.

Sasa aleji. Usiandike "aleji ya penisilini" ukaishia hapo, kwa sababu sentensi hiyo itamfuata mtu huyo miaka 40 na kumnyima dawa nzuri. Uliza: ulipoinywa kilitokea nini, baada ya muda gani, ulitibiwaje? Akisema tumbo lilimsumbua akaharisha, hayo ni madhara ya kawaida, na unayaandika hivyo. Akisema ndani ya saa moja alitoka vipele vya kuwasha mwili mzima, midomo ikavimba, kifua kikabana, hiyo ni aleji ya kweli. Andika kila neno, mvalishe alama ya tahadhari, na umwambie daktari kabla kalamu haijagusa chati. Na kama inatokea mbele yako, sindano ikiwa bado mkononi: simamisha dawa, ita msaada, mlaze, miguu juu ikiwa anapumua vizuri, adrenalini mililita 0.5 ya miligramu 1 kwa mililita kwenye msuli wa paja upande wa nje, kwa mtu mzima. Rudia baada ya dakika tano ikiwa hajapata nafuu. Haidrokotisoni na dawa za vipele zinafuata baadaye. Hazichukui nafasi ya adrenalini, na usiruhusu mtu akuambie uzijaribu hizo kwanza.