Faneli yenye vali kwa mawese

Mama, umeuliza kama faneli yenye vali (kizibo kidogo ndani yake kinachofunguliwa kwa kishikio) itakusaidia mawese yasimwagike ukijaza chupa pale Kadutu, Bukavu. Itasaidia: chupa ikikaribia kujaa unaachia kishikio, vali inajifunga, unahamia chupa nyingine bila kumwaga ovyo. Lakini baridi ya Bukavu hugandisha mawese, na tundu la vali ni dogo. Kwanza weka bidoni ya mawese ndani ya beseni la maji ya moto yayeyuke. Halafu usiikandamize faneli shingoni mwa chupa. Hewa ikikosa pa kutokea, mafuta yanarudi juu na kukuharibia kitenge (mimi yamenikuta). Vali uioshe kila jioni kwa maji ya moto na sabuni. Na faneli ya petroli ibaki ya petroli, tafadhali.