Betri Inalala Usiku: Pima Kwanza Kabla Hujamwambia Mteja Anunue Mpya

Mdogo wangu unayeanza umeme wa magari, tatizo hili utakutana nalo kabla hujamaliza mwezi gereji. Mteja anakuja na gari lililobustiwa, anakwambia, "Fundi, jana nimelipaki likiwa zima, asubuhi linafanya tik tik tik tu." Jibu jepesi ni kumwambia anunue betri. Mwaka wangu wa kwanza nilimjibu hivyo mama mmoja aliyekuwa na Vitz ya kupeleka watoto shule. Akanunua. Siku ya nne akarudi, betri mpya nayo imelala. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, kwani ile ya zamani ilikuwa na kosa gani?" Sikuwa na jibu, maana sikuwa nimepima chochote.

Basi anza na hesabu. Balbu ya wati 5 ya kwenye buti inakula kama ampia 0.4. Ikiwaka saa 10 za usiku imekula ampia-saa 4. Betri ya gari dogo yenye ampia-saa 40, ikiwa nzima na imejaa, hailali kwa hilo usiku mmoja. Itachukua siku tatu au nne. Kwa hiyo muulize mteja vizuri: inalala usiku mmoja, au ni gari likikaa wikiendi? Kama ni usiku mmoja tu, ama kuna kitu kinakula ampia kadhaa, ama betri imechoka, ama haijai kabisa. Swali hilo moja linaweza kukuokolea nusu siku.

Kisha shika mita. Gari lililokaa saa kadhaa bila kuwashwa likisoma volti 12.6, betri imejaa. Ikisoma 12.2 iko nusu, na chini ya 12 imekwisha. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Injini ikinguruma utegemee 13.8 hadi 14.5, ikigoma hapo kwenye 12 na kitu, altaneta, yaani jenereta ya injini inayochaji betri, haichaji, usihangaike na mambo ya usiku. Kuna kipimo kingine cha bure: mteja alegeze waya wa negativu kwa spana namba 10 jioni na kuutoa kabisa, aurudishe asubuhi. Betri ikistata vizuri, gari ndilo linaloila. Ikiwa imelala hivyo hivyo, kosa ni la betri.

Sasa kutafuta mlaji. Hapa ndipo vijana wengi wanakosea, kwa haraka tu. Fungua boneti, fungua kisanduku cha fyuzi mapema, halafu funga kitasa cha mlango kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa. Zile zenye kitufe kwenye fremu, kibonyeze ukibandike kwa tepu. Ufunguo toa, na kama ni wa rimoti upeleke mbali. Mita iweke kwenye tundu la ampia 10, ncha moja kwenye nguzo ya negativu ya betri, nyingine kwenye kichwa cha waya uliotoa. Mita ikiwa hapo usifungue swichi wala usijaribu kustata. Utaunguza fyuzi ya mita.

Ukishaunganisha, namba ya kwanza utakayoona itakutisha. Inaweza kuwa ampia 2 au 3. Usiiamini. Umeligusa gari, kompyuta zake zimeamka. Kaa pembeni dakika 30, mengine hata zaidi, usifungue mlango, usiguse kitu. Utaona namba inashuka kwa hatua, kama watu wanaoondoka kwenye msiba mmoja mmoja. Ikitulia kati ya miliampia 20 na 50, gari halina neno. Ikikwama juu ya 100, una kazi.

Hapo chomoa fyuzi moja moja huku ukiangalia mita. Ile itakayoshusha namba ndiyo njia ya mwizi. Usizirudishe ovyo kabla hujamaliza, kwa sababu ukirudisha fyuzi unaweza kuamsha kompyuta na kuanza kusubiri upya. Mimi siku hizi nagusa zile ncha mbili ndogo zilizo juu ya fyuzi kwa kipimo cha milivolti. Ikisoma kitu, umeme unapita, na sijachomoa hata moja.

Kwenye magari yetu yaliyotoka Japani, anza kushuku redio. FM ya kule inaanzia 76, yetu iko kati ya 87.5 na 108, kwa hiyo redio nyingi zimebadilishwa na mtu fulani mahali fulani. Waya wa njano ni wa umeme wa muda wote, mwekundu unatakiwa uje na ufunguo. Asiyetaka kuhangaika anazisokota nyaya hizo mbili pamoja, na redio hailali tena. Vitz ya yule mama ilikuwa hivyo: nyaya mbili zimesokotwa na kufungwa tepu nyeusi, mita inasoma miliampia 600. Gari likisimama saa 20 kwa siku hiyo ni ampia-saa 12, na safari ya dakika 15 hadi shuleni haiwezi kuzirudisha.

Baada ya redio angalia alamu na kifaa cha kufuatilia gari. Taa ya buti, weka simu ndani ikirekodi video kisha funga. Utajua kama inazima. Rilei, ile swichi inayoendeshwa na umeme, ikiwa imeng'ang'ania utaisikia ya moto kidoleni.

Umechomoa fyuzi zote na namba haijashuka? Asubuhi, kabla injini haijawashwa, shika altaneta. Ikiwa ya vuguvugu wakati injini yote ni baridi, daiodi, kile kipande cha ndani kinachozuia umeme usirudi nyuma, imekufa na umeme unarudi kupitia waya mnene. Kuthibitisha, toa kwanza negativu ya betri, maana waya ule una umeme muda wote, ndipo uufungue, uufunge tepu vizuri, urudishe mita na kusubiri.

Ukimaliza kutengeneza, pima tena, na namba zote mbili ziandike kwenye risiti ya mteja: kabla na baada.

Vitz ile niliiacha ikisoma miliampia 25. Betri ya zamani bado ilikuwa kwenye kona ya gereji. Niliichaji usiku kucha, nikaiacha siku mbili haijaunganishwa na kitu, ikasoma 12.5. Nikampigia yule mama simu kumwambia kwamba betri yake haikuwa na kosa, aje aichukue.