Klampu za mpini: ipi ya kuchomelea, ipi ya drili

Ndugu uliyeuliza kama klampu za mpini wa wima, yaani vibanio vinavyofungwa kwa mpini, zitatosha kwa jigi zako zote mbili (vifaa vya kushikilia kipande mahali pake kinapofanyiwa kazi), ya kuchomelea fremu za madirisha na ya kutoboa mabamba kwenye drili ya meza, jibu langu kutokana na kazi za karakana yetu hapa Gerezani, Dar es Salaam, ni kwamba kwa kuchomelea zinafaa sana, lakini kwenye drili zitakusumbua.

Klampu ya wima ikifungwa, mpini wake husimama, na fundi aliyevaa glavu nene huushika bila shida. Chini ya drili, mpini huohuo hukizuia kichwa cha mashine kushuka. Hapo chukua ya mlalo, ambayo mpini wake hulala chini inapofungwa. Ikiwa unataka uso wote wa bamba ubaki wazi, iko ya kusukuma, ambayo fimbo yake huenda mbele kwa mstari ulionyooka na kukibana kipande ubavuni. Za ndoano ziachie vifuniko vya kalibu, yaani maumbo ya kumiminia.

Zote hujifunga kwa namna moja: pini za viungo hufika kwenye mstari mmoja, huuvuka kidogo, kisha mpini hugota, na kipande kikiusukuma juu mkono wa klampu unaokibana, viungo huzidi kukaza badala ya kufunguka. Kwa hiyo mpini kufika mwisho si ushahidi kwamba klampu imebana. Legeza nati mbili za skrubu ya mbele, ile inayokigusa kipande, iteremshe kidogo kidogo hadi mpini uwe mzito karibu na mwisho na kuingia kwa mshtuko unaousikia kiganjani, ndipo ukaze nati. Ukilazimika kuukandamiza kwa uzito wa mwili, utaupinda mkono wa klampu na kuzila pini. Ukihama kutoka bamba la milimita 3 kwenda la milimita 5, rekebisha upya.

Kilo zinazotajwa na muuzaji, tuseme 90, ni mzigo ambao klampu iliyokwisha kufungwa huuhimili bila kuharibika. Nguvu inayokibana kipande ni ndogo kuliko hiyo, na uwezo wenyewe hupungua kadiri unavyoisogeza skrubu kuelekea ncha ya mkono. Ndiyo maana nasisitiza kwamba msokoto wa drili ubebwe na vizuizi vya chuma vilivyochomelewa kwenye jigi, na klampu ibaki na kazi ya kukilaza kipande na kukizuia kisiinuke. Bamba likiponyoka na kuzunguka na biti ya drili, litakata vidole vya mtu.

Kwenye jigi ya kuchomelea, ondoa kofia ya mpira iliyo kwenye ncha ya skrubu kwa sababu itaungua, na uweke ncha ya shaba, ambayo cheche haziigandi kwa urahisi kama zinavyogandia chuma. Kitako cha klampu nacho kifungwe kwa bolti kwenye bamba nene, kwani bamba jembamba hupinda kila unapobana, na fremu zitatoka zikiwa si mraba hata kama klampu ni nzima.