Mchungaji anavuma, ikwalaiza niipangeje?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi ndio nashika miksa kanisani kwetu Mbagala, jengo la bati halina silingi. Kwaya iko poa ila mchungaji akishika maiki anavuma utadhani yuko ndani ya pipa, nikimwongezea volyumu spika zinapiga mluzi. Ikwalaiza kubwa nimeipanga V, bezi juu trebo juu katikati nimeshusha, maana ndio muziki unanoga. Nakosea wapi?

JIBU: Nzuri kaka, poleni na Jumapili. Mchawi wako ni hiyo V. Kwenye gari sawa inanoga, lakini maneno ya mtu yanaeleweka hapo hapo katikati, masafa ya kama 1 kHz mpaka 4 kHz hivi (Hz na kHz ni kipimo cha sauti nene au nyembamba, namba ndogo ni bezi, kubwa ni trebo), sasa wewe umeyazika halafu unapandisha volyumu ili yasikike, mluzi utakosaje kuja?

Rudisha slaida zote za ikwalaiza (vile vitufe vya kusukuma juu na chini) sifuri. Halafu nenda chaneli ya mchungaji peke yake, kwaya usiiguse, bonyeza ile swichi ya kukata bezi, miksa nyingi imeandikwa 75, 80 au 100 Hz. Chini ya hapo mzee anayehubiri hana cha maana zaidi ya pumzi kugonga maiki na mikono kuparuza.

Mvumo uliobaki mara nyingi unajificha kati ya 200 na 400 Hz. Kama chaneli ina nobu mbili za midi (sauti za kati), moja ya kuchagua masafa na moja ya kuongeza na kupunguza, pandisha hiyo ya kuongeza kidogo, mtu aendelee kuongea huku unazungusha ya masafa taratibu, ukifika mahali pipa linazidi kuwa pipa umempata, sasa shusha hapo desibeli 3 au 4 basi. Fanya Jumamosi volyumu ikiwa ndogo, msiumizane masikio.

Mluzi ukibaki angalia spika kwanza, zikae mbele ya maiki upande wa waumini, sio nyuma yake, na mchungaji asifunike kichwa cha maiki kwa kiganja (wanapenda sana hiyo, sijui nani aliwafundisha). Baada ya hapo ndio ushushe slaida moja tu ya masafa yanayolia. Na uzoee kushusha kuliko kupandisha, maana kila desibeli 3 unazoongeza ampu inadaiwa nguvu mara 2, ukipandisha bezi desibeli 6 ni mara 4, ndio mnaanza kuunguza spika.

Trebo usiikate sana hiyo Jumamosi, Jumapili watu wakijaa na nguo zao wataimeza wenyewe.