Eti wanafunzi hatufuatilii habari: jibu langu kutoka Ng'ong'ona

Shikamoo mkuu. Nakuamkia kwanza kwa sababu umesema mwanao wa mwisho yuko kidato cha sita, kwa hiyo wewe ni mzee wangu. Umeuliza kama sisi wanachuo wa siku hizi tunafuatilia habari za nchi au ni mpira, udaku na kubeti tu, ukaongeza kwamba enzi zenu gazeti moja liligombaniwa na watu kumi. Wenzangu hapo juu wamekujibu kwa hasira. Mimi nitakujibu kwa daftari.

Niko mwaka wa tatu Chuo Kikuu cha Dodoma, nasoma ualimu, Historia na Kiswahili. Mwaka wa kwanza nilikaa hosteli, na nakiri kwamba ungenikuta wakati ule ungenicheka. Umeme sinunui, kodi ya chumba sidaiwi kila kukicha, sasa habari ya nini? Simu ilikuwa ya ligi kuu na vichekesho. Mwaka wa pili nikahamia mtaani, Ng'ong'ona, pembeni ya chuo, chumba kimoja cha elfu hamsini kwa mwezi, unalipa miezi mitatu kwa mkupuo. Hapo habari zikaanza kunifuata zenyewe.

Daftari lenyewe ni kaunta buku. Ukurasa wa kushoto naandika matumizi, na nilianza kwa sababu ya boom. Boom, kwa asiyejua, ni fedha ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo. Kwa sasa ni shilingi 10,000 kwa siku, zamani ilikuwa 8,500. Tatizo haiji kwa siku, inakuja ya wiki kadhaa kwa pamoja. Wiki ya kwanza unakula kuku pale Chako ni Chako kama mbunge, wiki ya sita unapiga pasi ndefu, yaani chai na chakula cha mchana vinakutana saa tano kwenye sahani moja ya wali maharage, halafu basi hadi kesho. Ukurasa wa kulia ulikuwa mtupu. Nikaona karatasi inapotea bure, nikawa naandika humo habari moja niliyoisikia siku hiyo, mstari mmoja tu. Ilipita miezi miwili nikagundua kurasa hizo mbili zinasemezana.

Ngoja nikupe kisa cha LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, maana ndicho kilichonifungua macho.

Nyumba yetu ina vyumba vitano na mita moja. Umeme tunanunua kwa zamu, kila mtu elfu tano. Sasa kila mwezi ukianza, wa kwanza kununua anapata uniti pungufu. Tukamshuku jamaa mmoja wa sayansi kwamba anatupiga, kwa sababu zamu yake iliangukia mwanzo wa mwezi mara mbili mfululizo. Maneno yakawa mengi. Mwezi uliofuata kila mtu akawa anamtegea mwenzake: umeme ukakatika tarehe 1, tukakaa gizani siku tatu, watu watano wa chuo kikuu, kila mmoja amefunga mlango wake anasubiri nani simu itamzimikia kwanza. Simu ya kwanza kuzima ilikuwa yangu.

Nikanunua, uniti zikaja pungufu, na safari hii nikaisoma meseji yote. Makato yalikuwa yameandikwa humo humo tangu siku zote, ila nani anasoma meseji ya umeme kupita zile tarakimu ishirini? Kumbe ilikuwa kodi ya jengo. Tangu 2021 inakusanywa kupitia LUKU, ikianza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kuanzia Julai 2023 ikawa 1,500. Ilisomwa bungeni, ikaandikwa magazetini, ikajadiliwa redioni, na wakati huo mimi nilikuwa naangalia vichekesho. Kwa mwaka ni 18,000. Tena ni kodi ya mwenye nyumba, siyo ya mpangaji.

Nikajipanga kama wakili, nikaenda kwa mwenye nyumba. Ni bibi wa Kigogo, mjane, anakaa nyumba ya nyuma na mbuzi wake wanne. Nikamsalimu "Mbukwa" ili nimlainishe, nikatoa hesabu zangu. Akanisikiliza hadi mwisho huku anachambua mlenda. Kisha akasema: "Mjukuu wangu, hiyo habari naijua tangu ilipotangazwa redioni. Nilikuwa nangoja nione nani kati yenu ataijua."

Sijawahi kufeli mtihani wa mdomo kwa namna ile.

Haki yake nimpe, hakubisha. Kila tukilipa miezi mitatu anapunguza 4,500, tunagawana watano, mia tisa tisa. Usinicheke, mia tisa ya wiki ya sita ni maandazi. Lakini alitoa sharti. Macho yake hayasomi tena maandishi madogo, na alikuwa na barua ya upimaji wa viwanja aliyoikunja ndani ya Biblia. Nikamsomea. Akaleta nyingine, za zamani, za enzi za ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyovunjwa 2017 kazi zake zikahamia halmashauri. Nyingine zilikuwa zimepigwa taipu. Mimi mwanafunzi wa Historia nimekaa kwenye kigoda nashika historia ya Dodoma mkononi, na bibi ananisahihisha: uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa ni wa 1973, waliohama kwa kishindo ni baada ya 2016, na katikati ya hapo sisi tulikuwepo tunalima. Tangu siku hiyo kila Jumapili jioni naenda kumsomea habari za wiki. Kwa hiyo nikisema nafuatilia habari, mkuu, nina bosi.

Basi nikupe mistari mingine ya ukurasa wa kulia.

Treni ya umeme. Kwetu ni Dar, Tandika. Mwaka wa kwanza nilikuwa napanda basi, saa saba au nane barabarani. Tarehe 25 Julai 2024 treni ya SGR ikaanza kubeba abiria Dar hadi Dodoma, na Agosti 1 Rais Samia akaizindua rasmi. Nauli ya kawaida 31,000, na kama saa nne hivi umeshashuka. Nilipoipanda mara ya kwanza nilipiga picha hadi za vitasa vya mlango. Nikamtumia mamdogo, ambaye anauza nyanya na vitunguu Dumila, pale mabasi yanaposimama. Jibu lake: "Hongereni. Hilo treni lenu halituoni." Na ni kweli. Reli inapita Kilosa, Kidete, Gulwe, inaingia Dodoma, haina habari na Dumila wala Gairo. Kila kiti ninachokalia kule ni dirisha moja la basi lililopungua mbele ya beseni lake. Sisemi treni ni mbaya, kesho nikipata nauli napanda. Ila kwenye daftari, mkabala na ile 31,000, nimeandika "nyanya za mamdogo", na sasa nikienda likizo moja kwa treni, nyingine nakwenda kwa basi ili nishuke Dumila. Nikishuka ananitania, ananiita mheshimiwa.

Maji. Hapa ndipo wageni wa Dodoma wanaposhangaa. Mvua zetu zinaanza Desemba, ikifika mwisho wa Aprili zimefunga virago, na hadi Novemba ni vumbi na upepo. Kwa miaka mingi mji umekunywa maji ya visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora (usichanganye na Makutupora ya Manyoni, ile yenye stesheni). Sensa ya 2012 jiji hili, wakati huo manispaa, lilikuwa na watu 410,956. Sensa ya 2022 ikakuta 765,179. Visima havizaliani kwa kasi hiyo. Kwa hiyo nikisoma kuhusu mpango wa kuleta maji ya Ziwa Victoria, au bwawa la Farkwa kule Chemba, siisomi kama habari ya wakubwa. Mwezi wa kumi kwetu dumu la lita ishirini nimelinunua mia tano, na mgao ukichelewa unaoga na dumu moja, maji yake yanafua, yakishafua yanadeki. Bibi huwa ananiuliza habari ya maji ya Ziwa kila Jumapili. Akisikia "mchakato unaendelea" anacheka, anaendelea na mlenda wake.

Bunge. Kikao cha bajeti kinaanza Aprili hadi mwisho wa Juni, na mji unafura. Mama alikuja kunitembelea mwezi wa tano na kilo kumi za mchele, tukazunguka kutafuta gesti kuanzia Area A, hakuna chumba cha bei yetu. Nilikuwa nimeshaandika kwenye daftari kwamba vikao vimeanza, ila sikuunganisha. Akalala chumbani kwangu, mimi nikalala kwa yule jamaa wa sayansi niliyemshuku wizi wa umeme. Alinipa godoro, yeye akalala kwenye mkeka. Sijui nimweke ukurasa gani.

Mafuta sikuandikii mengi. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, wanatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na bodaboda wa kijiweni kwetu wanaijua kabla jua halijachomoza. Ikipanda, nauli inapanda asubuhi hiyo hiyo. Ikishuka, wanakuambia spea zimepanda.

Na kwa upande wa kujitetea, mkuu, si kwamba hatudanganywi. Habari inayoongoza kwa uongo chuoni ni "boom limesoma", yaani fedha imeingia. Nimeshakimbilia wakala wa fedha mara tatu kwa tetesi ya kundi la WhatsApp, foleni ndefu, salio shilingi arobaini. Waliosambaza wapo nyuma yangu kwenye foleni hiyo hiyo. Lakini sikumbuki kuona mwanachuo anayesambaza kwamba ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Hiyo ndiyo ya kweli na haina foleni.

Somo moja darasani lilinigusa pia. Kongwa ipo hapa hapa mkoani, ukielekea Morogoro, sasa hivi inajulikana kwa soko la mahindi la Kibaigwa ambalo bei yake ikipanda na sembe yetu inapanda. Waingereza walikuja pale 1947 na matrekta kulima karanga kwa ajili ya mafuta ya kula kwao. Mvua ikawatupa, ardhi ikakauka ngumu kama sakafu, na 1951 mradi ukafungwa. Nikamsimulia bibi kama habari mpya. Akasema mume wake alifanya kazi pale akiwa kijana, na kwamba wazee wa Kigogo waliambiwa mengi kuhusu karanga lakini kuhusu mvua hawakuulizwa. Nimeiandika hiyo kwa kalamu nyekundu.

Kwa hiyo ukija Dodoma, mzee wangu, gazeti la kugombania hutalikuta. Utakuta bando la siku limebaki kidogo, mtu anasoma vichwa vya habari harakaharaka kabla halijakata, halafu anaenda kubishana kwa mama ntilie. Jumapili iliyopita nilimsomea bibi habari za reli. Alikuwa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama hiyo treni inasimama Gulwe, kwa sababu ndiko alikozaliwa, na mara ya mwisho alitoka huko kwa treni ya zamani akiwa bi harusi. Nimemwambia Jumamosi twende stesheni tukaulize nauli wenyewe. Jana nimemkuta ameanika kitenge kipya kwenye kamba, anakifukuzia mbuzi.